Likizo, Jembe na Kitabu cha Kiingereza

Shule zilipofungwa mwanzoni mwa Desemba, alinijia mtoto wa jirani yangu, binti aliyekuwa amemaliza kidato cha tatu. "Shikamoo babu," alisema. Nilipoitikia marahaba, alinikabidhi karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa orodha ya vitabu vya fasihi ya Kiingereza ambavyo mwalimu wake alimtaka avisome wakati wa likizo: Things Fall Apart cha Chinua Achebe, tamthilia ya Guillaume Oyono-Mbia iitwayo Three Suitors: One Husband, na utenzi mrefu wa Okot p'Bitek, Song of Lawino. Ni vitabu vyema vyote. Mimi mwenyewe nilivifundisha mpaka nywele zikageuka mvi.

Nikamwuliza, "Vitabu vyenyewe viko wapi?"

Akajibu kwamba hana hata kimoja, ila ana uchambuzi. Akafungua simu ya mjomba wake, akanionyesha kurasa zilizopigwa picha, maandishi yake madogo kama sisimizi. Nikamtaka anieleze anachokijua kuhusu kitabu cha Achebe. Binti alisimama wima kama aliye mbele ya darasa, akazitaja dhamira saba bila kukwama, akamtaja mhusika mkuu, akaeleza matumizi ya lugha. Nilipomwuliza Ikemefuna ni nani, alinyamaza kidogo, akaipekua simu, kisha akasema kwa unyofu kabisa, "Hayumo kwenye desa, babu."

Wasomaji wangu, na hasa ninyi malenga mnaojua uzito wa neno moja katika mshororo, jibu hilo limenikaa rohoni. Msichana huyu si mvivu. Alikuwa amekariri kurasa kumi na mbili za lugha asiyoimudu vizuri, jambo ambalo wengi wetu tusingeliweza. Lakini yule kijana aliyemwita Okonkwo baba, kisha akauawa kwa panga la huyohuyo aliyemwita baba, hakuwamo katika kitabu alichokisoma. Alikuwa amesoma Things Fall Apart isiyo na kifo cha Ikemefuna. Nini basi alichokisoma?

Kabla sijamnyooshea mtu kidole, nitajinyooshea mwenyewe. Nilitoka chuo cha ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1980, kifua kimejaa ahadi. Katika shule moja niliyofundisha nilikuwa na wanafunzi tisini katika mikondo miwili, na nakala nne za riwaya, moja ikiwa imepoteza kurasa zake za mwisho. Mwaka wa kwanza nilijaribu kuwasomea kwa sauti. Mwaka wa pili mtihani ulikaribia nikiwa bado katikati ya kitabu. Mwaka wa tatu nilifanya walivyofanya wenzangu: nilichukua chaki, nikaandika ubaoni dhamira, wahusika, mandhari na mafunzo, nao wakanakili. Wakafaulu. Nikapongezwa.

Miaka mingi baadaye, katika basi la kwenda Mpwapwa, kijana mmoja nadhifu alinipisha kiti, akajitambulisha kuwa mwanafunzi wangu wa zamani. Akanishukuru kwa alama aliyoipata katika fasihi. Kisha, kwa ule ucheshi wa mtu ambaye hana tena mtihani wa kuuogopa, akaniambia, "Lakini mwalimu, kile kitabu sijawahi kukiona hata jalada lake." Akacheka, nami nikacheka naye. Niliposhuka sikuwa nacheka tena. Madesa yanayozungukazunguka leo katika simu yana nasaba, na mimi ni miongoni mwa mababu zake.

Sasa tuitazame likizo yenyewe. Wanaopanga usomaji wa likizo huiona kama muda mtupu unaosubiri kujazwa. Kwa mtoto wa Dodoma na Singida, likizo haijawa tupu hata siku moja. Uwanda wetu wa kati hupata mvua za msimu mmoja tu, zinazoanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukoma karibu na Aprili. Likizo ndefu ya Desemba inaangukia siku zilezile za kupanda mtama, uwele, karanga na alizeti. Mvua ya kwanza ikishanyesha, kila mkono wa nyumba huhesabiwa, kwa kuwa siku tatu za kuchelewa zinaweza kuwa njaa ya mwezi mzima. Likizo ya Juni nayo inakuja na mavuno, kupura na kufukuza ndege. Mtoto anarudi jioni viganja vimechubuka, na kazi ya kuchota maji bado inamngoja. Ndipo akae na kibatari, au na taa ndogo ya sola kama ipo, afungue kitabu cha Kiingereza.

Tena afungue peke yake. Nyumbani mwake mazungumzo ya jioni ni ya Kigogo, yakichanganyika na Kiswahili akifika mgeni. Tangu 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule zetu za msingi za umma, na ni jambo la kujivunia. Lakini mtoto akivuka kizingiti cha kidato cha kwanza, karibu masomo yote isipokuwa Kiswahili yanamgeukia kwa Kiingereza, kana kwamba likizo moja ilitosha kumbadilisha ulimi. Mwaka 1984 watafiti wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, waliichunguza hali hiyo na kuona kwamba Kiingereza cha wengi wa wanafunzi wa sekondari hakikutosha kujifunzia masomo yao. Mradi uliofuata ulileta mashuleni vitabu vya hadithi vilivyoandikwa kwa Kiingereza chepesi na kupangwa kwa viwango. Navikumbuka. Wanafunzi walivigombea. Mtoto alianza na kitabu cha kurasa thelathini, akakimaliza, akajiona mtu. Vitabu vikachakaa, mradi ukaisha, orodha ndefu zikabaki. Wako waliojaribu kuijaza nafasi hiyo kwa lugha na mambo ya hapahapa, kama Richard Mabala na Hawa the Bus Driver yake na Mabala the Farmer. Vitabu vya namna hiyo vilistahili ndugu wengi zaidi.

Hapa najua msomaji mmoja ameshaanza kutikisa kichwa akisema: basi tatizo ni Kiingereza, kiondolewe na mambo yatanyooka. Natamani ingekuwa rahisi hivyo. Binti yule nilimwuliza pia kuhusu vitabu vyake vya Kiswahili. Takadini alikuwa amekisoma? Hapana, ana uchambuzi. Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo? Ana uchambuzi. Vitabu hivyo viko katika lugha anayoiota usiku, navyo pia alivipitia kwa muhtasari wa mtu mwingine.

Lugha ngeni, basi, ni mlima, lakini mlima peke yake haumzuii mtu kusafiri. Kinachomzuia ni kwamba hakuna anayemtarajia afike. Swali la mtihani humtaka atumie vitabu viwili kuthibitisha kwamba waandishi wamejadili hili au lile, naye anajua kwamba hoja tatu kwa kila kitabu zinatosha. Hoja hizo zimo kwenye desa, zimepangwa kwa namba. Mtoto mwenye akili, aliyechoka kwa jembe, asiye na kitabu, atachagua nini? Anachagua kama mkulima: anapanda mbegu inayokomaa haraka.

Nisieleweke vibaya kuhusu uchambuzi. Sisi tunaokusanyika katika ukurasa huu tunaishi kwa uchambuzi. Beti moja inaweza kutukesha tukibishana kama kina kimelazimishwa au fumbo limefumbuka mapema. Lakini tunabishana juu ya beti iliyo mbele yetu, ambayo kila mmoja ameionja kwa ulimi wake. Uchambuzi ni mazungumzo ya watu waliokula chakula kimoja. Kumpa mtoto uchambuzi wa kitabu asichokisoma ni kumsimulia utamu wa chakula, kisha kumtahini kama ameshiba.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha. Vitabu hivi tunavyoviita vya Kiingereza, vingi havikuzaliwa na Kiingereza. Okot p'Bitek aliutunga wimbo wa Lawino kwa Kiacholi, kisha akaufasiri mwenyewe, na tafsiri hiyo ya Kiingereza ikatoka 1966. Oyono-Mbia wa Kamerun aliiandika tamthilia yake kwanza kwa Kifaransa. Achebe aliandika kwa Kiingereza, lakini methali za Waigbo zimo ndani yake kama mifupa ndani ya mwili. Kwa hiyo mtoto wa Kigogo anayehangaika na Lawino anahangaika na mwanamke wa Kiacholi aliyevaa nguo ya kuazima. Kwa nini tumkataze kumsogelea kwa nguo iliyo karibu na ya nyumbani?

Nguo hiyo ilikwisha kushonwa zamani. Paul Sozigwa alifasiri Wimbo wa Lawino, ukatoka 1975. Clement Ndulute alikifasiri kitabu cha Achebe kwa jina la Shujaa Okonkwo, kikatoka 1973. Na kabla yao Mwalimu Nyerere, akiwa na nchi nzima ya kuongoza, alipata usiku wa kumfasiri Shakespeare: Julius Caesar mwaka 1963, kisha Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Hakufanya hivyo kwa kukichukia Kiingereza. Alikipenda, na kwa kukipenda akataka Kiswahili kionyeshe kuwa kinaweza kubeba mzigo huohuo.

Baadhi ya walimu wenzangu wa Kiingereza, watu ninaowaheshimu, wanapinga. Wanasema: ukimpa mtoto tafsiri ya Kiswahili hatafungua ya Kiingereza kamwe, na mtihani utamkuta bubu. Hoja hiyo ina uzito, nami sitaibeza. Ninachoweza kutoa ni kile nilichokiona kibarazani kwangu mwezi ule.

Nina nakala yangu ya zamani ya Shujaa Okonkwo, imeshonwa kwa uzi, na nakala moja ya Kiingereza. Tulikubaliana na binti kwamba atakuja jioni, baada ya shamba, mara tatu kwa wiki. Nilisoma sura kwa Kiswahili, kisha yeye akaisoma ileile kwa Kiingereza, kwa sauti, polepole, bila kamusi. Neno lisiloeleweka tuliliruka kwanza. Jioni za mwanzo zilikuwa za jasho. Alisoma kama mtu anayevuka korongo kwa kurukia mawe.

Tulipofika sura ya tatu jambo likatokea. Ndipo penye habari za Okonkwo kijana, aliyeazima mbegu za viazi vikuu mia nane, na mwaka ule ukawa mwaka mbaya kuliko yote. Mvua zilichelewa, zikanyesha kidogo, jua likarudi na kuchoma kila kilichokuwa kimepandwa. Aliyekawia kumaliza mbegu zake akabaki na za kurudishia. Kisha mvua zikaja kwa hasira na kuharibu hata hizo. Jioni ile bibi yake alikuwa amemfuata, ameketi pembeni akipepeta karanga. Binti akawa anamweleza kwa Kigogo kinachosomwa. Bibi, ambaye hakusoma shule yoyote, akaacha ungo akauliza: "Huyo aliyemkopesha mbegu, alidai mwaka uleule?"

Katika miaka yangu yote ya kufundisha kitabu kile sikuwahi kuulizwa swali zuri kuliko hilo. Hakuna desa linalolijibu. Binti akarudi kwenye kitabu cha Kiingereza kulitafuta jibu, akakisoma kile kipande mara mbili, kwa hiari yake. Tulikuwa watu watatu na lugha tatu, na kwa mara ya kwanza Kiingereza kilikuwa chombo cha kumletea bibi yake habari. Nataka wenzangu wanaopinga waliangalie hilo: Kiswahili na Kigogo havikumzuia kuingia katika Kiingereza. Vilimshika mkono mpaka mlangoni, naye akaingia mwenyewe.

Malenga wa uwanda huu wanalijua jambo hilo kwa mfano wa mmoja wao. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa Dodoma mwaka 1917, alikuwa Mgogo. Kiswahili hakikuwa maziwa ya mama yake. Alikiendea kama mwanafunzi, akakisoma, akakishindania, mpaka diwani yake ikawekwa rafu moja na za watu wa pwani. Huyo ndiye aliyetuachia ngonjera, ushairi wa watu wanaoulizana na kujibizana mbele ya hadhira. Nadhani ndani ya ngonjera kuna siri ya ualimu tuliyoiacha. Lugha ya pili haijengwi na mtu anayekodolea macho ukurasa peke yake. Hujengwa kwa kuulizwa na kujibu.

Basi nasema nini kuhusu likizo ijayo? Nasema machache, kwa kuwa orodha ndefu ndiyo iliyotufikisha hapa.

Kwanza, mwalimu atoe kitabu kimoja badala ya vitatu, na asitoe jina la kitabu ambacho shule haina hata nakala ya kumwazima mtoto. Afadhali kitabu kimoja kilichosomwa mpaka jalada la nyuma kuliko vitatu vilivyochambuliwa. Akiwa mtoto wa vidato vya chini, kiwe kitabu chepesi anachoweza kukimaliza, kwa kuwa utamu wa kumaliza ndio unaozaa hamu ya kuanza kingine.

Pili, asimtume peke yake. Watoto wawili wa kijiji kimoja wapewe nakala moja na waisome kwa zamu, kwa sauti. Tamthilia ya Oyono-Mbia iliandikwa ili isemwe. Wapeane nafasi za wahusika chini ya mbuyu, hata kama watazamaji ni mbuzi. Wakimsimulia bibi au babu kwa lugha ya nyumbani, na hiyo ihesabiwe kuwa kazi ya likizo.

Tatu, shule ikifunguliwa, mwalimu aulize maswali ambayo uchambuzi hauyajui. Ni mtu gani katika kitabu ungependa umpe kiti nyumbani kwenu, na ungemwambia nini? Ni ukurasa gani uliokuudhi? Na wanaotunga mitihani ya taifa nawaomba, kwa heshima, wamwekee mtahiniwa kipande cha kitabu chenyewe mbele ya macho na kumtaka aseme anachokiona humo. Siku swali litakapobadilika, biashara ya madesa itadorora bila kupigwa marufuku na mtu.

Nne ni letu sisi. Walimu wastaafu na washairi tumejaa katika miji na vijiji vya nchi hii. Tuna vibaraza, tuna sauti, na wengi wetu tuna rafu yenye vumbi. Mimi sina tena darasa, lakini nimegundua kwamba jamvi moja na nakala mbili zinatosha. Na wale wenu wenye ufundi wa lugha mbili, tafsiri za zamani zimeadimika madukani. Wako waandishi wapya wanaosubiri mkono wenu.

Binti alirudi shuleni mwezi Januari akiwa amemaliza kitabu kimoja kati ya vitatu. Jioni ya mwisho aliniuliza, "Babu, hiki kimoja kitanitosha kwenye mtihani?" Nilitaka kumjibu ndiyo. Sikuweza. Wenzake wataingia chumba cha mtihani na dhamira saba za kila kitabu, naye ataingia na kitabu kimoja alichokiishi na viwili ambavyo itabidi avikimbilie katika muhula. Huenda alama zao zikazidi zake. Nilimwambia ukweli huo, kisha nikamwambia kwamba kwa upande wangu nilipata alama nzuri kwa wanafunzi wengi, na leo ningezibadilisha zote kwa swali moja la bibi yake. Sijui kama jibu hilo linamsaidia mtoto wa miaka kumi na saba anayetaka kufika chuo kikuu. Linatuhusu zaidi sisi watu wazima tuliompangia mashindano ambayo msomaji wa kweli anaweza kuyashindwa.

Nilimwandikia ubeti mmoja kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari lake, naye akaahidi kuujibu likizo ya Juni, kazi ya mavuno ikipungua. Naungoja.

Mwanangu shika kitabu, usome neno kwa neno,
Usiogope taabu, kusoma si mashindano,
Uchambuzi si jawabu, ni maganda ya maneno,
Kula tunda la adabu, kwa ulimi na kwa meno.